Ukitaka Kujichapishia Kitabu cha Mapishi, Mwangalie Kwanza George Herter

Mwaka 1960, katika mji mdogo wa Waseca, jimbo la Minnesota, Marekani, muuza vifaa vya kuwindia na kuvulia samaki alijichapishia kitabu cha mapishi. Aliitwa George Leonard Herter, na kitabu, alichokitunga pamoja na mkewe Berthe, alikipa jina refu: Bull Cook and Authentic Historical Recipes and Practices. Mwanzoni kabisa anamwahidi msomaji nyama, samaki, mayai, supu, michuzi, sandwichi, mboga, ufundi wa kukaanga chipsi, vitindamlo, namna ya kuchuna na kupasua mnyama wa porini, namna ya kunoa kisu, kutengeneza mvinyo, bia na sabuni, na pia la kufanya iwapo kutatokea shambulio la bomu la haidrojeni au la kobalti. Anasema atayapanga kwa alfabeti kadiri itakavyowezekana.

Kitabu hicho kiliuzika. Kilichapishwa tena na tena katika miaka ya 1960, majuzuu mengine yakafuata, na hadi leo nakala kuukuu zinatafutwa kwa wauza vitabu vya mitumba. Wengi wakisikia habari hii huondoka na funzo lisilo sahihi: kwamba ukiandika mambo ya ajabu utauza. Nimekaa na vitabu vya mapishi vya kujichapishia kwa muda wa kutosha kuamini kinyume chake. Vituko vya Herter viliwafanya watu wamzungumzie. Kilichofanya wanunue, na kilichofanya wakiweke kitabu jikoni badala ya kwenye kabati la sebuleni, ni mambo mengine, na hayo ndiyo yanayoigika.

Wanunuzi walikuwapo kabla ya kitabu

Kampuni ya Herter's ilianza biashara ya kuuza kwa posta mwaka 1937. Katalogi yake ilikuja kufikia mamia ya kurasa: bata wa bandia wa kuvutia bata halisi, ndoana, mashua, vifaa vya kujazia risasi upya, nguo za baridi. Maelezo ya bidhaa yalibeba sauti ya Herter mwenyewe, yenye kujiamini kupita kiasi, na bidhaa nyingi zilipewa sifa ya kuwa "Model Perfect", yaani zisizo na kasoro. Kwa hiyo kitabu kilipotoka, kulikuwa na watu nchi nzima waliokuwa wameisoma sauti hiyo kwa zaidi ya miaka 20 na ambao walishazoea kumtumia pesa kwa posta. Kitabu kikawa bidhaa moja zaidi ndani ya katalogi. Hakuhitaji kumbembeleza mwenye duka la vitabu, wala kumlipa msambazaji, wala kusubiri mhakiki wa gazeti.

Njia hiyohiyo ndiyo iliyombebea vitabu vyake vingine. Mwaka 1963 alitoa kimoja kuhusu uwindaji Afrika na jinsi ya kwenda safari kwa dola 690, na mwaka 1965 kingine kuhusu kuishi kwa dola 10 kwa mwezi. Mteja ni yuleyule, na anwani ilishakuwa kwenye daftari.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri kwenye hesabu. Tuchukue mfano wa nakala 500, kila moja ikiwa imekugharimu shilingi 10,000 za Tanzania mpaka kukufikia mlangoni. Umetoa 5,000,000. Bei ya jaladani ni 25,000. Nakala 50 zitakwenda bure au zitaharibika, usijidanganye kwamba hazitakuwapo, kwa hiyo zinabaki 450 za kuuza. Ukizipeleka madukani, duka huchukua kati ya asilimia 30 na 50. Tukishika 40, unapata 15,000 kwa nakala, jumla 6,750,000, faida 1,750,000 kabla ya nauli na mizigo. Ukimuuzia mteja moja kwa moja unapata 11,250,000, faida 6,250,000. Kurudisha mtaji dukani kunahitaji nakala 334. Moja kwa moja, 200 zinatosha.

Kuna tatizo jingine la madukani ambalo hesabu hii haionyeshi. Mara nyingi vitabu hupokelewa kwa mali kauli: unaacha mzigo, unalipwa ukishauzwa. Pesa yako inaweza kukaa miezi kwenye rafu ya mtu, na nakala zisizouzwa zikarudi kona zimekunjamana na jalada limekwaruzika, haziuziki tena kwa bei kamili. Anayepeleka vitabu kwa mali kauli aandike hati ya makabidhiano yenye idadi, bei, kamisheni, siku ya kuhesabu na nani anabeba hasara ya nakala iliyoharibika. Bila karatasi hiyo, utalipwa kwa huruma.

Kwa hiyo kabla hujamtafuta mpiga chapa, tafuta wanunuzi. Ukipika kwenye sherehe, hao uliowapikia ndio wa kwanza. Ukifundisha mapishi, wanafunzi wako. Ukiuza viungo vya kusaga, bizari ya pilau au achari, kila pakiti inayotoka iwe na karatasi ndogo inayotaja kitabu, na kitabu kitaje viungo vyako. Hivyo ndivyo katalogi ya Herter ilivyofanya kazi: aliyekuja kununua ndoana alikutana na kitabu, na aliyekisoma kitabu alimkuta humo mwenye duka. Kisha kusanya oda kwa malipo, hata ya nusu. Mtu aliyesema "nitachukua" usimhesabu. Aliyetuma pesa kwa simu ndiye mnunuzi. Ukiwa na watu 150 waliolipa, kuchapa 300 ni jambo la busara. Ukiwa na 20, chapa 50 kwa mashine ya dijitali, bei ya nakala itakuwa juu, lakini hutalala na maboksi chini ya kitanda.

Msomaji mmoja mwenye shida moja

Ukiyaondoa majina ya watu mashuhuri yaliyojaa kwenye kitabu cha Herter, unachobaki nacho ni msaada wa kweli kwa mtu wa aina moja: mwindaji aliyerudi nyumbani na nyama nyingi ya kulungu au bata, asiyejua aifanye nini kabla haijaharibika. Anahitaji kujua namna ya kuipasua, kuiloweka kwenye maji ya chumvi, kuikaanga bila kukauka, na kisu cha kufanyia kazi hiyo kinavyonolewa. Hayo yamo. Mtu huyo hahitaji kitabu kizuri kuliko vyote duniani. Anahitaji kinachomsaidia Jumamosi jioni nyama ikiwa mezani.

Mwandishi anayeandika "mapishi 100 ya familia" hajamwona msomaji wake bado. Mwandishi anayeandika kwa ajili ya mwanafunzi mwenye jiko moja la gesi, au kwa mama anayetayarisha chakula cha futari ya watu kumi baada ya kutoka kazini, au kwa anayepikia harusi ya watu 200 kwa kuni, tayari anajua aingize nini na aache nini.

Huyu wa harusi nampenda zaidi, kwa sababu vitabu vya Kiswahili vinavyomhudumia ni vichache na makosa yake ni ya gharama. Kwa pilau hesabu gramu 100 hadi 125 za mchele mkavu kwa kila mtu, kwa hiyo watu 100 ni kilo 10 hadi 12 na nusu. Kosa kubwa ni kuchukua maelekezo ya kupikia kilo moja na kuyazidisha kwa kumi katika kila kitu. Maji hayazidishwi hivyo. Sufuria kubwa iliyojaa hupoteza mvuke kidogo kuliko ndogo ukilinganisha na uzito wa chakula, kwa hiyo anza na maji pungufu kwa sehemu moja ya kumi hadi moja ya tano ya hesabu ya kuzidisha, na weka maji ya moto pembeni ya kuongezea. Chumvi na viungo vikali, hasa karafuu, weka robo tatu ya hesabu, onja supu kabla mchele haujaingia, ndipo umalizie. Vitunguu navyo havikaangiki vyote kwa mkupuo: kilo tatu ndani ya sufuria moja hutoa maji, huchemka, na pilau hutoka nyeupe. Vikaange kwa mafungu mpaka viwe rangi ya kahawia iliyokolea. Mambo kama haya ndiyo mtu hulipia.

Kuandika pishi lenyewe

Hapa ndipo vitabu vingi vya kujichapishia vinakufa. Chukua mahamri. Katika vitabu vingi utakuta: kanda unga na tui, sukari na hamira, acha uumuke, sukuma, kata, kaanga. Anayejua mahamri hahitaji maneno hayo, na asiyejua hayamsaidii kitu.

Pishi linaloweza kumfikisha mgeni linaanza na vipimo: unga wa ngano gramu 500, sukari gramu 100, hamira kavu gramu 7, iliki ya kusaga kijiko kimoja cha chai, chumvi robo kijiko cha chai, na tui la nazi la vuguvugu mililita 260 hadi 290. Unatoa nafasi kwenye tui kwa sababu unga haunywi maji sawa kila mfuko, na unamwambia msomaji afanyeje: atie 260 kwanza, akande dakika tano, na kama donge bado linapasuka kingo aongeze kijiko kimoja kimoja. Akande dakika 10 hadi 12 kwa jumla, mpaka unga uwe laini na usinate mkononi. Uumuke saa moja hadi mbili, mpaka uwe mara mbili. Agawe madonge sita, ayaache dakika 10 yapumzike la sivyo yatajirudi akisukuma, asukume kila moja kwa unene wa milimita 5, alikate vipande vinne. Vipande 24 hivyo vifunikwe kitambaa kikavu na kuachwa dakika 15 hadi 20. Mafuta yawe nyuzi 175 hadi 180. Asiye na kipimajoto atupe kipande kidogo cha unga: kizame, kisha kiibuke baada ya sekunde mbili tatu kikiwa na mapovu pande zote. Andazi likishaingia, alimwagie mafuta ya moto juu kwa upawa mpaka lifure, ndipo aligeuze.

Halafu, na hili ndilo wengi hawaandiki, eleza linapoharibika. Mahamri yasiyofura mara nyingi yamesukumwa chini ya milimita 3, au uso wa unga umekauka kwa kuachwa wazi, au mafuta hayajapata moto. Yakitoka yamelowa mafuta, moto ulikuwa mdogo. Yakiiva nje na kubaki mabichi ndani, moto ulikuwa mkubwa. Unga ukigoma kuumuka, huenda tui lilikuwa la moto mno likaua hamira, au sukari imezidi, kwani sukari nyingi huichelewesha. Mafuta yakiwa meusi na kunuka kuungua kabla hujafika nusu ya kazi, ni unga mkavu uliotumika kusukumia: upanguse kwa brashi kabla ya kukaanga. Mistari mitano hiyo ina thamani kuliko picha ya ukurasa mzima.

Vipimo vina mitego yake katika Kiswahili. Usifupishe kijiko. Kijiko cha chai na kijiko cha chakula vyote vinafupika kuwa k.ch., na kimoja ni mililita 5, kingine 15. Chumvi iliyokosewa hapo imezidishwa mara tatu. Andika maneno kamili kila mara, hata kama ukurasa utajaa. Kikombe nacho si kipimo mpaka useme ni cha mililita ngapi, na hata hivyo kikombe kimoja cha unga kinaweza kuwa gramu 120 au 150 kutegemea umeuchota au umeushindilia. Fungu la mchicha la soko moja si la soko jingine. "Nazi moja" haimwambii mtu kitu: mwambie mililita 200 za tui zito na 500 za tui jepesi, atajua mwenyewe zitoke nazi ngapi. Mizani ya jikoni inaokoa maneno mengi, na kwa msomaji asiye nayo weka jedwali moja mwanzoni la kubadilisha gramu za vitu kumi vinavyojirudia kuwa vikombe vya mililita 250. Jedwali moja linatosha. Ukilitawanya kila ukurasa utakosea mahali.

Jambo la mwinuko husahaulika kabisa. Dar es Salaam na Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Mbeya haiko mbali na hapo. Maharage yaliyopimwa muda wake pwani hayataiva kwa muda huohuo bara, na keki iliyopimwa pwani itafura haraka kisha itumbukie katikati, kwa hiyo punguza bekingi pauda kama robo. Andika kwenye utangulizi umejaribia mapishi yako wapi, na kwa vyakula vya kuchemsha toa dalili kabla ya dakika: "mpaka punje ibonyee kwa vidole viwili bila kubaki kiini kigumu".

Majaribio yafanywe na watu wengine. Mpe karatasi mtu asiyekijua chakula hicho, akae jikoni kwake na vyombo vyake, wewe ukae kimya. Kila swali atakalokuuliza ni sentensi inayokosekana, iandike. Kila mahali atakaposita na kijiko hewani, pia ni sentensi. Mpe mwingine karatasi iliyosahihishwa, kisha wa tatu. Pishi ambalo mtu wa tatu bado anauliza maswali halijawa tayari kuingia kitabuni, hata kama ndilo unalolipenda kuliko yote. Jamaa zako usiwatumie kwa kazi hii. Wanaijua mikono yako, watajaza mapengo bila kujua na watakuambia limetoka vizuri.

Kuhusu muundo, kuna njia mbili zilizothibitika. Irma Rombauer, mjane wa St. Louis, Missouri, aliyejichapishia kitabu chake cha mapishi nakala 3,000 mwaka 1931, alikuja kuvichanganya viambato ndani ya maelezo yenyewe, kila kimoja kikitajwa pale kinapotumika, na muundo huo ukajulikana sana baada ya kampuni ya Bobbs-Merrill kukitoa kitabu hicho mwaka 1936. Njia ya pili ni orodha juu, hatua chini. Kwa wasomaji wetu nachagua orodha, kwa sababu mtu huenda sokoni nayo au humtumia mtu kwa simu amnunulie. Lakini orodha ifuate mpangilio wa kutumika, na kila kilichomo kwenye orodha kionekane kwenye hatua. Kiambato kilichoorodheshwa kisha kikasahaulika kwenye hatua ndilo kosa linaloongoza katika vitabu visivyopitiwa na mhariri.

Historia ya kubuni, na mahali inapokuwa hatari

Herter aliandika kwamba Bikira Maria aliupenda mno mchicha wa kizungu, na kwamba watu wa Nazareti wanalijua hilo hadi leo. Aliandika pishi la njiwa akalihusisha na Wyatt Earp, yule askari maarufu wa magharibi ya Marekani. Kitabu kimejaa habari za namna hii, zinaelezwa bila kusita, bila kutaja zimetoka wapi.

Ningekusihi usimfuate hapo. Mwaka 1960 msomaji wa kijijini Minnesota hakuwa na njia rahisi ya kuhakiki. Msomaji wako ana simu mkononi. Ukimwambia biriani lililetwa Zanzibar na sultani fulani mwaka fulani na akakuta si kweli, atauliza kama na gramu zako ni za kubuni pia, na atakuwa na haki. Kama unajua pishi ulilipata Lamu kwa mpishi wa aina gani na linapikwa kwenye shughuli ipi, andika hilo. Linatosha, na ni lako.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye nyama ya kuhifadhi. Vitabu vya zamani vya wawindaji vina mapishi ya kuloweka nyama kwa chumvi yenye naitreti na naitraiti, kemikali zinazoipa nyama wekundu na kuzuia vijidudu vya sumu. Anayenakili mapishi hayo bila kuelewa anaweza kumdhuru mtu. Chumvi ya kuhifadhia nyama inayouzwa siku hizi kwa wingi ina naitraiti asilimia 6.25 tu, zilizobaki ni chumvi ya kawaida, na hutumika gramu 2.5 kwa kila kilo ya nyama. Mtu akipata naitraiti tupu na kuipima gramu hizohizo, ametia mara 16. Kwa hiyo ukiandika pishi la namna hii taja asilimia, taja gramu kwa kilo, kataza kupima kwa kijiko, na mweleze msomaji kwamba rangi ya waridi iliyowekwa kwenye chumvi hiyo ni ya kuitambulisha isichanganywe na ya mezani. Mweleze pia kwamba chumvi ya waridi ya milimani inayouzwa madukani ni kitu kingine kabisa, haina naitraiti na haihifadhi nyama kwa namna hiyo. Kama huna uhakika na hata kimoja katika haya, ondoa pishi zima.

Cha kumuiga Herter ni kutoyumba kwake. Hasemi "unaweza ukipenda". Anasema hiki ni kizuri, kile hakifai, na anatoa sababu. Wapishi wazuri wa kwetu huongea hivyohivyo jikoni, halafu wakishika kalamu wanakuwa wapole kama tangazo la serikali. Mchele gani hautakiwi kwenye biriani? Sema. Kwa nini usitie nyanya ya kopo kwenye mchuzi wa pweza? Eleza. Mhariri wa lugha akifuta hukumu zako zote kwa jina la usanifu, mrudishie kazi. Mpe ruhusa ya kugusa tahajia, upatanisho na hesabu, asiguse msimamo.

Matbaani

Vitabu huchapwa kwa karatasi kubwa inayokunjwa, kwa kawaida kurasa 16 kwa mkunjo mmoja. Panga kitabu kiwe kurasa 96, 112, 128, 144 au 160. Ukifika na kurasa 131 utalipia kurasa tupu au utalazimika kukata mapishi usiku wa mwisho. Usiweke maandishi yenye herufi chini ya ukubwa wa pointi 10, na maandishi ya hatua yawe pointi 11, kwa kuwa mpishi husoma akiwa amesimama mbali na kitabu. Upande wa mshono acha milimita 20. Picha ziwe na nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa utakaochapwa, na zile zinazofika ukingoni zivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3.

Jalada la gundi peke yake ndilo la bei nafuu na ndilo baya zaidi kwa jikoni, maana kitabu hujifunga chenyewe mikono ikiwa na unga, na msomaji akikilazimisha kinavunjika mgongo. Kushona mikunjo kisha kugundisha kunagharimu zaidi lakini kitabu hulala wazi. Waya wa mviringo hulala vizuri kuliko vyote, ila hauna mgongo wa kuandika jina, na maduka hayaupendi. Ukiuza mwenyewe moja kwa moja, waya ni chaguo zuri. Karatasi ya ndani iwe ya gramu 100 hadi 120 kwa mita ya mraba, isiyong'aa, kwa maandishi, gramu 130 hadi 150 ya matte (yenye mpako usiong'aa) kama picha ni nyingi, jalada gramu 300 lenye utando wa plastiki unaopanguswa. Mwambie mpiga chapa nyuzi za karatasi zifuate urefu wa mgongo. Zikikaa kinyume, kurasa zitajikunja na kitabu hakitalala hata kikishonwa.

Usikubali kuona prufu, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, kwenye skrini pekee. Omba iliyochapwa kwenye karatasi ileile. Mchuzi mwekundu uliopigwa picha chini ya balbu ya manjano hutoka kahawia kama matope, na hakuna mpiga chapa atakayekuambia, si kazi yake. Kisha kaa na mtu mwingine: mmoja asome namba kwa sauti kutoka kwenye muswada, mwingine afuate kwenye prufu, namba tu, kitabu kizima. Nukta ya desimali iliyopotea haionekani kwa macho yanayosoma sentensi.

Namba ya ISBN, inayotambulisha kitabu kimataifa, Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Iombe mapema, kabla jalada halijasanifiwa, ili alama ya mistari ipate nafasi yake nyuma.

Herter alifariki mwaka 1994. Kampuni yake ilikuwa imeanguka kabla ya hapo, kuelekea mwisho wa miaka ya 1970. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 ilikuwa imezuia kuuza bunduki kwa posta kutoka jimbo moja hadi jingine, pigo kwa mfanyabiashara aliyetegemea wawindaji na posta. Kwa anayejichapishia leo, la kuangalia hapo ni nani anashika nini. Daftari la wateja likiwa ndani ya mtandao mmoja wa kijamii tu, akaunti ikifungwa umepoteza soko. Liandike pia kando, jina na namba ya simu, kwa idhini yao. Faili za kuchapia ziombwe kwa mpiga chapa siku unapomaliza malipo, pamoja na fonti na picha za awali, na mkataba useme ni zako. Nakala moja ya kitabu iweke jikoni kwako na kalamu nyekundu ndani yake, kila kosa litakaloripotiwa na msomaji liandikwe ukurasa wake hapohapo. Toleo la pili litachapwa kutoka kwenye nakala hiyo.